Aliyetumia na Aliyeingia: Historia ya Madaftari Mawili ya Kompyuta, hadi Ituri

Bunia, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, mwalimu anaweza kufundisha miaka na miaka bila jina lake kuonekana kwenye listing ya mishahara inayotoka Kinshasa. Anaishi kwa michango ya wazazi na kwa shamba. Kwenye listing hiyohiyo kuna majina yanayolipwa mwezi hadi mwezi, na hakuna shule iliyowahi kuyaona. Mambo hayo mawili yamo ndani ya faili za kompyuta, na yanaleta swali moja: kiasi kilichotoka kinajulikana, je, aliyeingia na kuandika anajulikana?

Swali hilo ni la zamani kuliko listing. Lilizaliwa pamoja na kompyuta kubwa za kwanza zilizotumiwa na watu wengi kwa pamoja, zaidi ya miaka 60 iliyopita, na majibu yake yamejengwa hatua kwa hatua mpaka yakafika kwenye Linux inayoendesha kompyuta za mabenki na serikali leo. Safari hiyo inafaa kujulikana Ituri kama inavyojulikana Ulaya, kwa sababu hasara ya kutojua inalipwa na watu wa hapa.

1961–1966: Saa nne kwa wiki

Mwanzoni kompyuta ilitumiwa kwa zamu. Ulipeleka bunda lako la kadi zilizotobolewa, mwendeshaji akaziingiza, saa ya ukutani ikaandikwa kwenye karatasi, bili ikatoka. Hesabu ilikuwa rahisi kwa kuwa mashine ilikuwa na bwana mmoja kwa wakati mmoja.

Mambo yalibadilika Novemba 1961, katika chuo cha MIT, Marekani. Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliogawa muda wa mashine moja vipande vidogo mno, hivi kwamba watu kadhaa waliokaa kila mmoja kwenye taipu yake walijiona kama kila mmoja ana kompyuta nzima. Saa ya ukutani haikuweza tena kusema nani ametumia nini, na mashine ilikuwa ghali mno kuachwa bila mhesabu. Hivyo mfumo wenyewe ukapewa kazi hiyo. Kila mtumiaji alifunguliwa akaunti, akapewa kiwango chake cha muda, na ili mwingine asikitumie, akapewa neno la siri. Tangu mwanzo, basi, neno la siri lilikuwa mlinzi wa hesabu.

Mwaka 1962 mwanafunzi wa udaktari wa falsafa, Allan Scherr, alikuwa na kiwango cha saa nne kwa wiki. Utafiti wake ulihitaji zaidi ya hapo. Mfumo ulikuwa na njia ya kuomba faili zichapwe kwa kupeleka kadi, na Scherr akagundua kwamba njia hiyo haiulizi mwombaji ana haki gani. Ijumaa usiku aliacha kadi yenye jina la faili la maneno ya siri. Jumamosi asubuhi akakuta maneno ya siri ya watu wote yamechapwa, yanamngoja pamoja na karatasi nyingine. Kuanzia hapo alitumia saa za wenzake. Ukweli ulijulikana takriban robo karne baadaye, alipousema mwenyewe.

Daftari la matumizi halikukosea hata mara moja. Kila dakika iliandikwa, ila kwa jina la mtu mwingine. Ukihesabu kiasi bila kuhakikisha mkono, hesabu inaweza kuwa safi na wizi ukaendelea ndani yake.

1964–1974: Bili, kadi na Dar es Salaam

Tarehe 7 Aprili 1964, IBM ilitangaza familia ya kompyuta zake za System/360, na meinfremu, yaani kompyuta kubwa ya pamoja, ikawa chombo cha kawaida cha benki, bima, reli na wizara. Mwishoni mwa muongo huo mfumo wake ulipata sehemu iliyoitwa SMF, ambayo kila kazi inapokwisha inaandika rekodi: ilianza saa ngapi, imekula muda gani wa prosesa, imesoma na kuandika mara ngapi kwenye diski na kanda. Idara ya hesabu ilichukua rekodi hizo ikatengeneza bili kwa kila ofisi.

Afrika Mashariki mashine hizi zilifika mapema. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania, mjini Dar es Salaam, ilipata kompyuta ya kwanza ya nchi, ICT 1500 kutoka Uingereza. Miaka iliyofuata nyingine ziliingia serikalini na kwenye mashirika. Kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine ikaenda mrama, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Marufuku hiyo hutajwa mara nyingi kama woga wa teknolojia. Mimi naiona tofauti. Ilikuwa hasira ya serikali changa iliyoingiza vitabu vyake ndani ya mashine, kisha ikashindwa kuvisoma. Hesabu isiyokaguliwa na mwenye mali yenyewe si hesabu, hata ikitoka kwenye chombo cha bei ya juu kiasi gani.

1970–1985: Mkaguzi anaingia

Jeshi la Marekani ndilo lililouliza swali la pili kwa sauti. Lilitaka siri za ngazi mbalimbali zikae kwenye mashine moja inayotumiwa na watu wasio na haki sawa. Mwaka 1970 Willis Ware wa taasisi ya RAND aliongoza ripoti iliyosema wazi kwamba mifumo ya wakati huo haikuweza kuaminiwa kwa kazi hiyo.

Miaka hiyohiyo IBM ilitangaza VM/370, Agosti 1972. Huu ni mfumo unaoigawa meinfremu moja kuwa mashine pepe nyingi, kila mtumiaji akipewa ya kwake yenye prosesa, kumbukumbu na diski za kuiga. Naomba msomaji aitazame kwa karibu rekodi yake ya hesabu, maana bado inaandikwa leo katika mfumo mrithi, z/VM. Ina herufi 80, kwa kuwa kadi ya kutobolewa ilikuwa na safu 80 na rekodi hizo zilitobolewa kwenye kadi kwelikweli. Mwanzoni lipo jina la mtumiaji, kisha namba ya akaunti itakayolipa, kisha tarehe na saa, kisha muda aliounganishwa, na mwisho herufi mbili za aina ya rekodi. Muda wa prosesa umeandikwa mara mbili: jumla yote, na ule ambao mashine pepe yenyewe iliutumia. Tofauti ya namba hizo mbili ni gharama ya mgawaji, yaani VM yenyewe, na mhesabu hodari huanza kusoma hapo.

Kinachovutia zaidi ni aina za rekodi. Aina ya 01 ni ya matumizi. Aina ya 04 huandikwa mtu anapokosea neno la siri mara nyingi kupita kiwango kilichowekwa wakati wa kuingia. Aina ya 05 inaonyesha aliyefanikiwa kuunganisha diski yenye ulinzi, na aina ya 06 ni ya aliyejaribu kufanya hivyo kwa neno lisilo sahihi. Madaftari yote mawili, la aliyetumia na la aliyeingia, yakawa kwenye bunda moja la kadi.

Bado hapakuwa na mtu aliyejua la kufanya na bunda hilo. Mwaka 1976 IBM ilitoa RACF, programu ya kuamua nani anaruhusiwa kugusa nini. Mwaka 1980 James P. Anderson, mshauri wa jeshi la anga la Marekani, akaandika ripoti iliyoangalia rekodi za SMF kwa jicho jipya. Rekodi zilizokusanywa kwa ajili ya bili, alisema, zinaweza kumfichua mtu anayetumia mashine kinyume cha kawaida yake. Akawagawa wahalifu wa ndani kwa makundi: anayejificha nyuma ya jina la mwingine, mwenye haki halali anayeitumia vibaya, na yule mgumu kuliko wote kumgundua, mwenye mamlaka ya kutosha kuzima daftari lenyewe. Maofisa wa usalama walikuwa wanazama katika marobota ya karatasi. Anderson alipendekeza mashine ichambue, ioneshe lisilo la kawaida tu.

Mwaka 1983 Idara ya Ulinzi ya Marekani ikaweka masharti kwenye kitabu chenye jalada la rangi ya chungwa. Kwa daraja la C2, kila mtumiaji lazima ajulikane kwa jina lake peke yake, na kila tendo linalohusu usalama liandikwe mahali asipoweza kupafuta. Tangu hapo, kampuni iliyotaka kompyuta yake ipewe daraja hilo ilipaswa kuuza na daftari la pili.

1985–1990: Kinshasa yaanzisha listing, senti 75 zapotea California

Katikati ya miaka ya 1980, Zaire, jina la Kongo wakati huo, ikibanwa na wakopeshaji wake, serikali iliunda SECOPE, idara ya kusimamia na kulipa walimu, shabaha ikiwa kuondoa walimu hewa. Kila mwalimu alipewa namba yake, namba zikaingia kwenye kompyuta, kompyuta ikatoa listing. Kutoka hapo, kwa mwalimu wa Bunia, Djugu au Mambasa, kuajiriwa kukawa na maana moja: umeingizwa kwenye mashine au hujaingizwa. Mamlaka ya mkurugenzi wa shule, ya wazazi, ya kanisa linalosimamia shule, yote yakawa chini ya chumba kimoja kilichoko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa.

Agosti 1986 likatokea jambo dogo Berkeley, California. Clifford Stoll, mwanaastronomia aliyehamishiwa kitengo cha kompyuta, alipewa kazi ya kueleza kwa nini hesabu za mwezi zinapishana kwa senti 75. Maabara yake ilikuwa na mifumo miwili ya kuhesabu matumizi ya kompyuta za Unix: wa kawaida, na mwingine waliojitengenezea wenyewe. Kama wangekuwa na mmoja tu, pasingekuwa na tofauti ya kuonekana. Senti hizo ziliongoza kwa mtumiaji aliyeitwa Hunter, aliyekuwa na akaunti lakini hana anwani ya kutozwa. Mtu aliyeifungua alikuwa amejipatia mamlaka ya msimamizi mkuu wa mfumo, ila hakujua kwamba kuna daftari la pili la kujaza. Stoll akamfuata kwa miezi, mpaka simu ikaonyesha Hannover, Ujerumani, nyumbani kwa Markus Hess, aliyekuwa akiuza alichokipata kwa KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti. Hess alihukumiwa mwaka 1990.

Stoll angeweza kuzifidia senti hizo kutoka mfukoni na kufunga faili. Ukaguzi wa kisasa una deni kwa uamuzi wake wa kutofanya hivyo.

1999–2008: Linux ndani ya meinfremu

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilikua kwenye kompyuta ndogo za mezani. Ilikuwa na daftari la matumizi aina ya Unix, linaloandika kila programu inapokwisha, lakini daftari la kuaminika la ukaguzi haikuwa nalo. Desemba 1999 wahandisi wa IBM wa Böblingen, Ujerumani, wakatoa hadharani marekebisho ya kuifanya Linux ifanye kazi kwenye meinfremu ya S/390. Mwaka uliofuata David Boyes akafungua nakala 41,400 za Linux kwenye mashine moja, chini ya VM, ili kupima ukomo wake. Kampuni ya simu ya Telia ya Sweden ikanunua meinfremu kwa kusudi la kuondoa seva za Unix zipatazo 70. Ahadi ilikuwa kubwa: mashine moja badala ya chumba kizima, umeme mdogo, wasimamizi wachache.

Tatizo likatoka kwenye hesabu. Linux ilipima muda kwa mapigo ya saa, mara 100 kwa sekunde. Programu iliyokutwa ikifanya kazi pigo linapolia ilitozwa kipindi kizima. Kwenye kompyuta ndogo makosa hayo yanasawazishana. Chini ya VM, mgawaji anaweza kuisimamisha Linux katikati, akampa jirani prosesa, kisha akairudisha. Linux haikujua kuwa ilikuwa imelazwa. Ilimtoza mtu wake muda ambao kwa kweli ulitumiwa na nyumba ya jirani. Ukijumlisha madai ya nakala zote, yalizidi muda ambao mashine ilikuwa nao. Ofisi zinazogawana gharama zikaanza kupinga bili, na zilikuwa na haki.

Dawa ilipatikana mwaka 2005, katika toleo la 2.6.11 la Linux. Martin Schwidefsky na wenzake wa Böblingen waliacha kuhesabu mapigo, wakatumia kipima muda cha prosesa yenyewe, na wakaongeza safu mpya: muda ulioibwa, yaani ule ambao Linux ilikuwa tayari kufanya kazi lakini prosesa iko kwa mwingine. Leo mtu yeyote mwenye seva ya kukodi, hata akiwa Bunia na simu mkononi, anaweza kuamuru programu ya top na kuiona safu hiyo, imeandikwa st. Inamwambia kama mkodishaji amejaza wapangaji kupita kiasi. Ni zawadi iliyotoka kwenye meinfremu kwenda kwa kila mtu.

Daftari la pili nalo lilisukumwa na wanunuzi serikalini. Januari 2004 SUSE na IBM walipata cheti cha usalama cha EAL3 kwa Linux yao, baada ya kuongeza mfumo wa ukaguzi unaotimiza masharti yaliyorithiwa kutoka daraja la C2. Mwaka huohuo kiini cha Linux, toleo la 2.6.6, kikapokea mfumo mwingine wa ukaguzi ulioandikwa na Rik Faith wa Red Hat, na huo ndio uliobaki. Ndani yake kuna jambo dogo ambalo kwangu ni kilele cha historia hii yote. Mtumiaji anapoingia, hupewa namba ya ukaguzi, auid. Akibadili jina, akajifanya msimamizi mkuu, akaanzisha programu nyingine, namba hiyo inabaki naye katika kila mstari unaoandikwa. Haiondoi kosa la 1962, la kuingia kwa neno la siri la mwingine. Lakini inabeba jina la mlangoni, lile aliloingia nalo.

Kisha wahandisi wa Google, Paul Menage na Rohit Seth, wakaleta utaratibu wa kuziweka programu kwenye makundi, kila kundi na kiwango chake cha prosesa na kumbukumbu. Uliingia toleo la 2.6.24, Januari 2008, kwa jina la cgroups. Hesabu ya kuandika baada ya kutumia ikawa hesabu ya kuzuia kabla ya kuzidi.

2005–2023: Ituri

Wakati Böblingen wanasahihisha saa zao, Ituri ilikuwa inatoka vitani. Brigedi ya kwanza ya jeshi jipya la Kongo lililochanganywa, iliyofunzwa Kisangani, ilikuwa imeletwa huku. Askari wake walikuwa wanalipwa kupitia mikono ya makamanda wao, na fedha zilipungua kila zilipopita mkono. Askari asiyelipwa hujilipa, na wakazi wa vijiji vya Ituri wanajua alijilipa kwa nini: kwa kuku, kwa mihogo, kwa vizuizi barabarani.

Juni 2005 Umoja wa Ulaya ulianzisha ujumbe wa EUSEC kusaidia jeshi la Kongo. Makundi yaliyoungana yalikuwa yamedai jumla ya askari zaidi ya 300,000; hesabu zilizofuata ziliishusha idadi hadi takriban 130,000. Mageuzi makubwa yalikuwa kutenganisha mnyororo wa amri na mnyororo wa malipo: kamanda anaamuru, lakini orodha ya kulipwa haiandiki yeye, wala fedha hazipiti kwake. Askari wakasajiliwa kwa alama za vidole. Anderson angeitambua dawa hiyo mara moja, kwa kuwa alionya juu ya mwenye mamlaka ya kutosha kuzima daftari linalomhusu.

Kwa raia, kuanzia 2011 serikali ilianza kulipa mishahara kupitia benki, na walimu wa mbali kupitia Caritas. Njia ya fedha ikanyooka kidogo. Orodha yenyewe ikabaki na wagonjwa wake. Januari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulitangaza matokeo ya ukaguzi wa mishahara ya serikali: watu 145,604 wenye namba za utumishi zisizo sahihi au za kubuni, watu 53,328 wanaotumia namba moja na wenzao, na majina 93,356 yasiyokuwamo kwenye orodha za idara zao. Hasara ilikadiriwa kuwa karibu faranga bilioni 149 za Kongo kila mwezi. Fedha hizo zingeweza kuwaingiza kwenye listing walimu wanaofundisha bure Djugu na Irumu, wengine katika kambi za wakimbizi wa ndani.

Ukaguzi wa aina hiyo unalinganisha orodha na orodha, kama Stoll alivyolinganisha hesabu mbili za Berkeley. Unaweza kusema namba hii imebuniwa. Kusema nani aliibuni, saa ngapi, kwa akaunti ipi, akiwa ameketi kwenye kompyuta ya ofisi gani, ni kazi ya daftari la aliyeingia. Bila hilo, namba 145,604 hufutwa, na mkono ulioziandika unabaki na neno lake la siri.

Chombo hicho hakihitaji meinfremu wala mkopo. Kimo ndani ya kila Linux inayopakuliwa bure, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bunia anaweza kukiwasha leo. Mistari michache inatosha: fuatilia faili la mishahara, andika kila anayelifungua kwa kuandika humo, weka auid yake. Mistari miwili mingine ndiyo inayopingwa katika ofisi nyingi. Wa kwanza unatuma nakala ya kila rekodi kwenye mashine ya pili, chini ya idara nyingine, isiyopokea amri kutoka kwa msimamizi wa mashine ya kwanza. Wa pili ni amri ya auditctl -e 2, inayofunga masharti ya ukaguzi: hata msimamizi mkuu hawezi kuyabadili mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya, na kuzimwa huko nako kunaonekana kwenye nakala iliyokwisha kutumwa.